Chozi wa Shela

Nilikuwa nachimbua
msingi, nikaibua
risasi, nikaijua
kabla sijaangalia.

Duara, si ya kisasa,
ukubwa wa gumba hasa;
nikazidi kupapasa:
upande imeingia.

Ni Shela, penye mchanga,
nyumba ninayoijenga;
mawe nimeshayapanga,
mgeni atahamia.

Mama aliitazama,
akaketi, akahema:
"Hii ya Lali," kasema,
"usende kumuuzia."

Kwake kila cha zamani,
msumari na sahani,
ni cha Lali; mimi nani
wa "hapana" kumwambia?

Mfupi, mwembamba mno,
wa kuitwa kwa mfano
Chozi, ndege kama neno
la pembeni kukwambia.

Siku safu za mikuki
zapangwa, mtu hatoki,
ngao yake haishiki,
uzito yamzidia.

Amiri alimcheka:
"Wewe utapeperuka!
Nenda mbele, ukifika
uwe nzi wa kurudia."

Kale, kabla ya mtutu,
walikuwako na watu
wa mishale, bila kitu
kifuani kuzuia.

Mshale, kisha miguu:
ndio ujuzi mkuu.
Wenye ngao na makuu
waliuita udhia.

Bunduki nayo ikaja,
nzito, yafyatua moja,
kisha mtu ana haja
ya sala kumalizia.

Lali kapewa mwenzake,
Famau, jirani yake;
mtu na bunduki yake,
utambi wapulizia.

Mmoja akifyatua,
mwingine hajaitoa
yake; huyu akitwaa
baruti kushindilia,

yule humlinda. Mwiko
mitutu miwili huko
kuwa mitupu: ni soko,
mauti yajiuzia.

Nani alowafundisha?
Hakuna. Hofu yatosha.
Na mchanga huonyesha
pa kulala, pa kwingia.

Walilala kwenye tuta,
kaa vidole wang'ata,
nguo wameshazikata,
mchanga wamejitia.

Adui waliposhuka,
kwa safu wakapangika,
ngoma zao zikicheka,
maji yawapungukia.

Walitaraji ukuta
wa watu; wakaupata
mchanga unaoteta,
moshi ukichungulia.

Huku mmoja aanguka,
kule safu yakatika;
ukienda kumshika,
Lali ameshahamia.

"Simameni, wanaume!
Vita hivi si vya kome!"
Jemadari angurume,
nani wa kumsikia?

Tuta la tatu, mwenzake
hakujibu jina lake.
Ni utambi peke yake
moto uliosalia.

Hakulia. Alifunga
macho mawili; mchanga
akampa kama kanga,
nusu kumfunikia.

Siwa nyuma ikaita:
"Rudini, safu yapita!"
Pale alijikunyata,
mbili akishindilia.

Safu ndiyo iloshinda,
ikapigiwa vinanda,
kila jina likapanda,
utenzini likangia.

Ila Famau na Lali
hawakuwa na mahali.
Karani hakusaili
nani alotangulia.

Leo hii wanajeshi
huvaa rangi za moshi,
mbali mbali, hawaishi
vichakani kujitia.

Wote wamekuwa Chozi.
Safu imebaki kazi
ya sherehe na pongezi,
bendi ikiwapigia.

Mama hasemi "shujaa".
Asema, alikataa
mpaka kufa, kukaa
peupe pa kuvamia.

Usiku akiamka
swali lake humtoka:
"Yangu tupu, ndugu; shika
yako, mi nashindilia."

Nikarudi msingini
na risasi mfukoni.
Mawe makubwa, machoni,
ndiyo yanayovutia,

lakini jiwe na jiwe
halikai, hata liwe
la mraba, lisotiwe
kokoto ya kuzibia.

Nikaichomeka humo
penye ufa, penye shimo,
chokaa juu, kipimo
cha mwiko, nikafukia.

Mama akaniuliza
kama nimeshaiuza.
"La," nikamnong'oneza,
"safuni imeingia."